Fundi Aliyemaliza Kazi Zote

Mke wa kaka yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Njookesho. Hakuonewa. Ukimpelekea kitambaa, atakupima huku akikucheka ulivyonenepa, ataapa kwamba nguo itakuwa tayari Ijumaa, na Ijumaa utakikuta kitambaa chako kimekunjwa vilevile kwenye rafu, chini ya vitambaa vya wenzako. "Jamani, umeme ulikatika! Njoo kesho, mpenzi." Kesho yake sindano imevunjika. Watu walimtukana na bado wakarudi, kwa sababu akikushonea, hata mumeo anakuuliza unakwenda wapi umependeza hivyo.

Mimi wifi yake nina utani naye. Namwita mwizi aliyetuibia kaka, naye huniambia nikamchukue hata leo, amechoka kumlisha.

Kwa hiyo muuza mboga aliponiambia kwamba Njookesho siku hizi anamaliza kazi kabla ya siku, nilicheka hadi nikashika mbavu. Alikuwa amerudishiwa sketi ambayo yeye mwenyewe alishaisahau. "Amebadilika yule," alisema. "Ametulia. Hata zile kelele hana tena." Jirani alikuwa amepata mapazia yake. Mwalimu alikuwa amepata suti. Mama mmoja aliyehama alitafutwa hadi huko alikohamia, akapelekewa nguo za wanawe, nao walishakua, hazikuwaingia. Kila mtu alikuwa na sifa za kumwaga. Kaka yangu ni dereva wa lori, na kila akirudi safarini alizoea kupokewa mlangoni na wateja wenye hasira. Yeye alifurahi kupita wote. "Dada, mke wangu amekua," aliniambia kwenye simu. "Nyumba kimya, hana neno na mtu."

Habari ile sikuipenda. Mwanamke aliyekuwa akiongea hata na cherehani yake, kimempata nini hata anyamaze? Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikatoka kwenda kumwona, kisingizio changu gauni nililompelekea siku nyingi.

Nilimkuta chumba cha mbele, mchana kweupe, dirisha limefungwa. Watoto walikuwa shule. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, mkasi umefutwa na kupakwa mafuta, nyuzi zimepangwa kwa rangi, na ile rafu iliyokuwa ikifurika vitambaa ilikuwa tupu, haina hata vumbi. Yeye alikaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa amekonda. Blauzi ilimning'inia mabegani, na huyu ni mtu ambaye akiona pindo lililolegea kwa mpita njia humsimamisha.

"Wewe mwizi," nikamchokoza, "kaka yetu umempeleka wapi?"

"Yuko safarini, wifi."

Basi, hivyo tu. Alinijibu kama anavyojibiwa karani dirishani.

"Umekula?"

"Sisikii njaa."

"Unalala?"

"Nashtuka alfajiri, naangalia dari mpaka kunakucha."

"Unalia?"

"Mwanzoni nililia. Sasa hata machozi hayaji."

Mlango ukapigwa hodi. Mama mmoja aliingia na kitambaa kizuri cha bluu, anataka gauni la mahafali ya binti yake. Njookesho wa zamani angeshakishika, akakinusa, akaahidi uongo. Huyu alisema kwa upole, "Sipokei kazi, mama. Mpelekee fundi mwingine, usije ukachelewa." Yule mama akamshukuru na kumsifu kwa ukweli wake! Nilitamani nimsukume nje.

Alipoondoka nilifunga mlango. "Unaacha ushonaji?"

"Ndiyo."

"Mnahama?"

Akatikisa kichwa. "Sitaki kubaki na nguo za watu, wifi. Mtu akiondoka na nguo za watu, wanaotukanwa ni watoto wake." Akainuka, akalichukua gauni langu mezani, limepigwa pasi, akaliweka mapajani mwangu. "Lilikuwa limebaki la kwako tu."

Kuna wanaosema jambo hili haliulizwi, ukiliuliza utamtia mtu wazo. Upuuzi. Wazo lilikuwa limeshakaa mle chumbani, limepanga mpaka nyuzi.

"Unataka kujiua?"

"Ndiyo," alisema, kwa sauti ileile. Kisha akafunika uso kwa mikono. "Hamjanikosea, wifi. Nimechoka tu. Nimechoka mpaka kuwasikia watoto wakicheka kunaniuma, na mama gani huyo? Nikaona afadhali niwapishe."

Nilimkumbatia, nikaogopa. Naogopa hata sasa ninaposimulia. Nilimwambia siondoki, akitaka asitake, na sikuondoka. Mkasi ule na vingine nilivyoviogopa nilivitia mkobani, akinitazama, wala hakubisha. Kisha nikampigia kaka, nikamweleza yote.

"Analilia nini?" akafoka. "Simpigi, simnyimi kitu, hajafiwa!"

"Wewe homa ilipokulaza mwaka jana, ilikuuliza nani kakukosea?"

"Dada, watu watasema mke wangu kichaa."

"Na wakija kuzika watasema nini?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kaka yangu ni mbishi lakini si mjinga. Nililisikia lile lori likipunguza mwendo, likaanza kugeuza.

Alipofika tulikwenda naye hospitali, tukakaa foleni kama wenye homa na wenye vidonda. Daktari alikuwa mwanamke mwenye haraka, lakini kwa wifi yangu hakuwa na haraka. Alimuuliza usingizi, chakula, hamu ya kazi, mawazo ya kufa, naye akayajibu yote, kaka yangu amekaa pembeni anaipindapinda kofia yake. Daktari akasema huu ni ugonjwa, unaitwa sonona, una dawa na una mazungumzo, ila dawa zake hazina haraka. Huenda zikapita wiki kadhaa kabla hajaona nafuu, na muda wote huo asiachwe peke yake.

"Tulidhani ametulia," kaka alisema. "Nilimsifu. Nilimsifu, daktari." Akaanza kulia, na sikumbuki lini nilimwona akilia kabla ya hapo.

"Wengi hudhani hivyo," daktari alisema, akampa cheti cha dawa.

Kaka alikwenda dirisha la dawa. Sisi tukabaki kwenye benchi la ukutani. Wifi yangu alikuwa ameegemea bega langu, mwepesi mno.

"Na nisipopona, wifi?"

Nilikuwa na uongo mwingi mdomoni. Kwamba atapona upesi, kwamba ataimba, kwamba haya yatapita. Niliumeza wote, kwa sababu sikujua.

"Basi tutakuwa na mgonjwa," nikasema. "Mgonjwa huulizwa ameamkaje. Mimi nataka mtu wa kumuuliza."

Watu walipita mbele yetu na chupa zao na watoto wao. Kaka alikuwa anarudi, bahasha ya dawa kaishika kwa mikono miwili, ndipo wifi yangu aliponishika kiganja, kwa nguvu ndogo aliyokuwa nayo.

"Uniulize basi," alisema.