Kumbe Ni Wewe Ulinipa Kula

Nina ulimi wa Bungoma. Nikitaka kusema kura, inatoka kula. Nikitaka kusema kula, siku nyingine inatoka kura, na watu wanashika mbavu. Kwenye karatasi sikosei hata mara moja, ndiyo maana haya nayaandika badala ya kumsimulia mtu.

Mwaka ule nilikuwa chuoni, nimepanga chumba Kibabii pamoja na rafiki yangu, msichana wa Kitale ambaye Kiswahili chake kimenyooka kama cha mtangazaji. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kuna kijana kwao, mpiga picha za harusi, anatengeneza filamu ya mapenzi ya kuchekesha, mambo ya wanafunzi wa sekondari, na anatafuta waigizaji. Tukaenda wote wawili. Yeye alitaka kuwa nyota, akapewa kuwa rafiki wa nyota, yule wa kukaa naye dawati moja. Mimi niliyekwenda kumsindikiza ndiye niliyechaguliwa kuwa nyota. Njia nzima ya kurudi nilimwomba msamaha. Akacheka, akasema, "Wacha hizo, bana. Ukipata wewe, nimepata mimi." Nikamwamini.

Tulipiga filamu wakati wa likizo, katika shule moja ya kutwa nje ya Kitale, upande wa eneo la Kwanza, mahindi yamefika kwenye madirisha ya madarasa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimevaa soksi hadi magotini na sweta ya kijani ya kuazima. Kijana niliyepaswa kumpenda alikuwa muuzaji wa vifuniko vya simu mjini. Alinyoa ndevu kila asubuhi, lakini kufikia saa tisa zilikuwa zimerudi, kwa hiyo mapenzi yetu yote tuliyapiga kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu mkuu aliigizwa na bawabu wa shule yenyewe. Yule mzee aliingia katika kazi kiasi kwamba hata wakati wa mapumziko alitufukuza turudi darasani.

Hadithi ilikuwa nyepesi. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu ninayegombea urais wa wanafunzi. Mpinzani wangu ni kapteni wa bwalo, yule kijana anayegawa githeri na kuamua nani apate maharagwe na nani apate mahindi matupu. Tunagombana filamu nzima. Ninashinda kwa kura moja, halafu siku ya kufunga shule, tukiwa getini na masanduku yetu, ninagundua kwamba kura hiyo moja ilitoka kwake. Hapo nilitakiwa kushangaa na kusema, "Kumbe ni wewe ulinipa kura!"

Nikasema, "Kumbe ni wewe ulinipa kula!"

Na mwenyewe ndiye mgawaji wa githeri. Muuzaji wa vifuniko akakaa chini juu ya sanduku, machozi yanamtoka. Bawabu alicheka hadi akasahau ukuu wake. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini mwelekezi, yule mpiga picha za harusi, akaweka kamera chini, akaja akanishika mabega. "Hiyo hiyo," akasema. "Usiiguse. Huo ulimi wako ndio sinema." Akaniomba niiseme tena mara tatu, vilevile. Nilichapwa kwa ulimi huu tangu darasa la kwanza, na sasa mtu alikuwa ananiomba niurudie. Usiku huo sikutaka hata kunawa uso.

Nilimpigia mama simu kumweleza, na kwamba filamu itaonyeshwa Bungoma. Mama anakaa Ndalu, na macho yake yameharibiwa na mtoto wa jicho. Moja limezima kabisa, la pili linaona mwanga na vivuli. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Picha mimi siwezi ona, mama, rakini nitakusikia. Siku hiyo nitakuja." Ananiita mama, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita binti zao. Kuanzia hapo akawa anawatangazia wanawake wenzake wa kanisa kwamba anakwenda Bungoma kumsikiliza mtoto wake. Mimi sikutaka umaarufu. Nilitaka mama akae katika ukumbi wenye giza, mahali ambapo kila mtu haoni vizuri, asikie watu wakicheka kwa sababu yangu.

Baada ya likizo, rafiki yangu alianza kwenda kwao Kitale kila Jumamosi. Shangazi yake anavuna, alisema, anahitaji mikono ya kuvunja mahindi mabichi ya kuuza. Jumapili jioni alirudi na mahindi kwenye mfuko, tukayachoma kwenye jiko letu la makaa, nami nikamshukuru shangazi nisiyemjua. Alikuwa pia ameanza kupenda sana kuikumbuka filamu. "Manze, ile ya kwenye geti uliisemaje vile? Ulianza pole pole ama haraka?" Nami nikamwonyesha. Nilimwonyesha nilipovuta pumzi, nilipotua, nilipocheka kidogo kabla ya neno. Alirudia nyuma yangu hadi akashika kila kitu, ila neno moja tu alilisema kwa namna yake. Nilidhani ni mapenzi ya rafiki. Leo nikikumbuka jinsi nilivyokuwa namsahihisha, nikitafuna mahindi yake, natamani kujizaba kofi.

Filamu ilionyeshwa Bungoma, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa. Madirisha yalizibwa kwa nailoni nyeusi na shuka jeupe likatundikwa ukutani. Nilikuwa nimekwenda kumchukua mama tangu Ijumaa. Alivaa kitenge chake cha Krismasi, nikamketisha safu ya tatu, karibu na spika. Rafiki yangu akaja kumsalimia kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama." Mama akamjua kwa sauti kabla hajajitambulisha, maana rafiki yangu alikuwa amekula kwake Ndalu mara nyingi. Akambariki.

Taa zikazimwa. Nikajiona mle kwenye shuka, soksi na sweta, natembea kuelekea dawati langu. Nikafungua mdomo. Ikatoka sauti ya rafiki yangu.

Mwanzoni nilidhani mitambo imekosea. Kisha yeye mwenyewe, aliye dawati moja nami, akanijibu, kwa sauti ileile aliyoikaza kidogo. Midomo yangu ilienda sawasawa na maneno yake, pumzi kwa pumzi, kama nilivyomfundisha. Pale nikaelewa zile Jumamosi za kurekodi kwa mwelekezi, nikamwelewa na shangazi. Nilitaka kusimama nipige kelele, lakini mkono wa mama ulikuwa juu ya goti langu, na yeye alikuwa ameinamisha kichwa upande wa spika, anangoja.

Alingoja filamu nzima. Tulipofika getini, nikasikia, "Kumbe ni wewe ulinipa kura!" Safi, imepigwa pasi. Hakuna aliyecheka. Bungoma hii, ambako wangegaragara chini! Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi, basi, tukawashiwa taa.

Nilimkuta mwelekezi nje, anapigwa picha. Hakuweza kuniangalia. "Ni yeye alikuja kuniambia watu watakuchekelea," akasema. "Nikaona afadhali. Ningekuambia, lakini nilijua utakasirika."

Rafiki yangu, aliyekuwa kando yake, aliniangalia kwa macho makavu. "Nilikuwa nakulinda. Ama ulitaka ikifika Kitale mji wote ukucheke?"

"Si ni filamu ya kuchekesha!" nikamwambia.

"Wacha hasira. Uso si ni wako? Sauti ni kitu kidogo tu."

"Ulijua mama haoni."

Akatoa simu, akaanza kuitazama, na mimi nikaondoka. Wiki iliyofuata nilihama chumba. Mpaka leo akinipigia sipokei. Watu husema nimeshikilia jambo dogo, na ninawaacha waseme.

Mama nilimkuta palepale safu ya tatu, viti vyote vimebaki vitupu, mkoba uko mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kila kitu. Akanitangulia.

"Rafiki yako ameongea sana," akasema. "Rakini mbona arikuwa anajiuliza na kujijibu peke yake?"

Wote waliokuwa na macho mle ndani hawakuona. Nikatazama uso wake, nikaona kwamba nikimwambia ukweli, itabidi nimwambie pia ni kwa nini. Kwamba ulimi wangu ulionekana wa aibu. Na ulimi huo nimeupata kwake, sina mwingine niliyemwiga.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama," nikasema.

"Na wewe?"

"Mimi nilipewa sehemu ya kunyamaza."

Akatikisa kichwa pole pole, akaupapasa mkono wangu hadi akaushika. Nikamwinua, tukaanza kutembea katikati ya viti kuelekea mlangoni, yeye akinifuata kwa hatua ndogondogo. Karibu na mlango akasimama.

"Hata kama ni kunyamaza," akasema, "si ungekohoa kidogo tu, nijue ni wewe."