Kijiko cha Mapacha

Nilipokuwa mtoto nilifunguliwa kinywa ninyweshwe dawa ya ugonjwa usiokuwa wangu. Mgonjwa alikuwa Mulongo, pacha wangu. Alilala chumba cha mbele cha nyumba yetu Shinyalu, akinuka jasho na mafuta ya mikaratusi, pumzi yake ikikwaruza kama jembe kwenye changarawe. Daktari alikuwa ametoa chupa moja kwa mtoto mmoja, na kwa Kukhu, nyanya yetu, hilo lilikuwa kosa la kuua. Kwetu mapacha hupewa sawa, iwe nguo, iwe kiboko. Wakitofautishwa, mmoja huruka, hatusemi amekufa. Kukhu mwenyewe alizaliwa na mwenzake, akabaki peke yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mama alikuwa akisomea kemia chuoni. Mezani alikuwa na molekuli ya maji aliyoifinyanga kwa udongo: oksijeni katikati, haidrojeni mbili zimeshikizwa pembeni kwa springi za kalamu. Akaisogeza mbele ya Kukhu, akagusa zile haidrojeni mbili.

“Kukhu, tazama hawa mapacha. Wakirefuka pamoja, hata ukiwabadilisha nafasi huoni tofauti. Mtikisiko huo tunauandikia herufi A. Mmoja akirefuka mwenzake akifupika, ukiwabadilisha, mwendo unageuka kinyume. Huo ni B. Mwanga unaonyesha mitikisiko yote miwili, na hakuna aliyeacha kuwa pacha.”

Kukhu aliutazama udongo kwa heshima. “Hao wako hawapumui, mwanangu. Wangu wanapumua. Lete kijiko.”

Mulongo alikohoa. Mimi nilibana meno. Nilikuwa naogopa dawa itaniua, na naogopa pia kwamba nikiikataa, kitanda chetu cha wawili kitabaki na mtu mmoja. Mama alitutazama sote, akaichukua chupa, akaingia nayo jikoni. Aliporudi na kijiko kimejaa, Kukhu alinishika taya. Nilimeza. Kwa hofu sikuonja chochote, wala uchungu wala utamu.

Mulongo alipona, siku hizi ananipigia simu kunicheka kwamba bado nabana meno nikiona kijiko. Mimi nafanya kazi maabara mjini Kakamega, nikisoma mitikisiko ya molekuli kwa mwanga, na zile A na B za Mama ndizo mkate wangu. Mama husema alinipa maji matupu. Kukhu alituacha akishikilia kwamba aliuona mkono wa Mama ukiinamisha chupa. Tone moja lingeitosha mashine yangu kusema kama ni maji au dawa. Kijiko kilioshwa jioni ileile.