Habari Hazitoki Kabla ya Kahawa

Rumaitha alikuwa na miaka arobaini na minne, muuguzi wa wagonjwa wa figo katika mji wa Kiarabu wa Ibra, hana mume, na kila aliyevuka kizingiti cha kwao alitaka kujua kwa nini hana. Wapo waliouliza kwa upole, wapo waliouliza huku wanatafuna tende zake. Ndiyo maana akataka kuhamia Australia. Alisikia kwamba huko unaweza kukaa na jirani miaka kumi asijue hata jina lako, akaona hiyo ndiyo pepo ya duniani.

Makaratasi yote yalikuwa tayari: vyeti, ushahidi wa kazi, barua ya polisi ya kuthibitisha kwamba hajawahi kumwibia mtu. Kilichobaki ni mtihani wa Kiingereza. Na akitimiza miaka arobaini na mitano kabla hajapata mwaliko wa serikali ya huko, mlango wa ukaazi wa kudumu unafungwa, basi tena. Ilikuwa imebaki miezi mitatu.

Kiingereza chenyewe alikijua. Kusoma, kuandika na kusikiliza alipata alama za kumtosha na za kugawia watu. Kilichomwangusha mara mbili ni kuzungumza.

Mara ya kwanza mtahini alimwambia amweleze jirani anayemuudhi. "Majirani zetu wote wazuri, alhamdulillahi," akajibu, akatabasamu, akangoja swali jingine. Mara ya pili aliulizwa shida iliyompata kazini. Akasema hakuna shida, kazi nzuri. Wiki hiyohiyo mgonjwa alikuwa amemrushia sahani ya wali.

Usimcheke. Ibra mgeni akiingia huulizwa habari, na jibu ni moja tu: hakuna habari, kheri. Hata kama nyumba yake inaungua. Kwanza tende, kisha kahawa, na kwenye kikombe cha pili ndipo moshi unatajwa. Kumwaga mambo yako mbele ya mtu asiyekutilia hata kahawa ni utovu wa adabu, na mtahini hakuwa na kahawa. Alikuwa na saa.

Mama yake, Bi Mabruka, mzaliwa wa Unguja mjini, hakuwa na taabu hiyo. Yeye habari zake hutoka kabla hajavua viatu. Matokeo ya mara ya pili yalipokuja asubuhi, hadi adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umeshazipata alama za bintiye.

"Mama, kwa nini umemwambia Shaikha?" Shaikha ndiye jirani wa ukuta kwa ukuta.

"Kaniuliza habari."

"Si ungemwambia kheri tu, yakaisha?"

"Sasa hebu nambie, nani kashindwa mtihani wa kuzungumza? Mie au wewe?"

Rumaitha alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba mama alisema kweli.

"Wallahi wewe hujanywa kahawa, tatizo lako hilo," Bi Mabruka aliendelea. "Unamjibu yule mzungu kama mgeni wa mlangoni. Kunywa kwanza, tikisa kikombe, halafu ingia ukamseme mtu. Mseme unayemjua sana, maneno hayatokwisha."

Siku ya mara ya tatu, ya mwisho, walikwenda mji wa Nizwa pamoja, mama amepakata chupa ya kahawa njia nzima. Nje ya kituo cha mtihani Rumaitha alikula tende, akanywa vikombe vitatu, akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka.

"Haya, bismillahi. Nenda kasengenye."

Mtahini, kijana mwenye ndevu nyekundu, akamwambia: nieleze mtu unayeishi naye.

Rumaitha akafunguka. Alimsema mama yake anayepiga simu saba kabla ya chai ya asubuhi. Anayewatangazia wageni presha yake, na juu yake ya bintiye. Aliyewahi kumleta mposaji hospitalini na kumkalisha kwenye foleni ya wagonjwa ili amkague bintiye kazini. Kijana akaficha kicheko nyuma ya karatasi. Kisha Rumaitha akasema kwamba vidonge vya presha mama huvichomeka chini ya mto wa sofa na kuapa amevimeza, na hapa duniani ni mtu mmoja tu anayejua pa kuvitafuta. Mtahini akasema muda umekwisha.

"Sijamaliza," alisema Rumaitha.

Garini mama akauliza, "Umemsema nani?"

"Shangazi Balqis."

"Anastahiki."

Alipata nane kati ya tisa. Mwaliko nao ukaja, siku kumi na moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Bi Mabruka alisikia, akasema, "Mabruk, hongera mwanangu," akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Alasiri Shaikha akaingia. "Bi Mabruka, habari?"

"Hakuna habari. Kheri tu."

Tende zikaliwa. Kikombe cha kwanza, cha pili. Shaikha akangoja, ingawa kwa Bi Mabruka hakuwahi kungoja. "Na Rumaitha, mtihani wake?"

Bi Mabruka akamaliza cha tatu, akakitikisa kikombe, akakirudisha.

"Hakuna habari, Shaikha. Kheri."

Rumaitha, aliyeomba miaka yote mama yake ajifunze kunyamaza, alisimama jikoni na sahani ya tende mkononi, akitamani mama aseme.