Gunia kwenye Ncha ya Fimbo

Yeye alikuwa mpishi, mimi dobi, kwa Mzungu mmoja wa Garsen miaka ya hamsini. Masika yale Tana ilifurika, na mbwa wa bwana hakukauka hata siku moja. Kila alipoingia akajikung'uta, mpishi alinusa makochi, akanusa mapazia, akanusa mkono wa kanzu yake, kisha akazunguka vyumbani na chetezo cha ubani, hatulii. Mbwa mwenyewe alimpangusa kwa gunia lililofungwa kwenye ncha ya fimbo, maana akiguswa na majimaji yake ni najisi, aoshe mara saba, moja kwa udongo, ndipo aswali.

Siku moja mto ukamchukua mbwa. Nyumba ikanukia ubani mtupu, lakini mpishi hakukaa kitako.

"Mzee, harufu imekwisha. Si ndiyo raha yako?"

"Ndiyo," alisema, akarudi tena kizingitini kunusa upepo.

Siku ya tatu nilimkuta mlango wa nyuma, mbele yake bakuli saba za maji na bonge la udongo.

"Za nini?"

Mbwa alipotokea matopeni akichechemea, mpishi alilifungua gunia, akaiegemeza fimbo ukutani, akaanza kumpangusa masikio kwa mikono miwili.