Mtaro wa Njia ya Sokoni

Enzi za Wajerumani nilikuwa mkalimani wa boma la Dodoma, na nilijiona mtu mkubwa.

Nilipanga chumba karibu na soko, nyumbani kwa mama mmoja mjane aliyekaanga maandazi. Njia iliyopita mbele yetu ilikuwa mbovu. Mvua ikinyesha, maji yaliichimba makorongo, na Wagogo walioleta mtama na ng'ombe sokoni walikwama humo na mizigo yao. Mama yule akawakusanya majirani, wakaunda chama. Kila Alhamisi asubuhi walichimba mtaro na kujaza mawe kwenye mashimo, na pembeni wakajenga banda la nyasi ili watu wa mbali wapumzike kivulini. Walifanya kazi wakiimba, kisha wakanywa uji pamoja. Mimi sikuwahi kushika jembe. Nilikuwa nikiwapita na kanzu yangu safi, nikienda bomani.

Siku moja nilipita hapo na bwana shauri mpya, afisa wa Kijerumani ambaye Kiswahili kilikuwa bado hakijamwingia. Akasimama, akautazama mtaro, akaniagiza niulize ni nani aliyeamuru kazi ile.

"Mwambie hakuna aliyetuamuru," mama akajibu huku akipangusa udongo mikononi. "Njia ni yetu, tumeitengeneza wenyewe."

Nikamgeukia bwana shauri, nikasema kwa Kijerumani, "Wanasema niliwaamuru mimi."

Nilitaka tu anione wa maana. Akanipiga bega akitabasamu. Mama naye aliliona tabasamu lile, akafurahi, akidhani wamesifiwa wao.

Wiki haikuisha, amri ikatoka. Kwa kuwa watu wa mtaa ule wanamtii mkalimani, wangelima barabara yote hadi bomani, kila siku, na msimamizi ni mimi. Wakaletwa askari na viboko vyao. Hakuna aliyeimba tena. Seremala mmoja mzee, yule aliyesimamisha nguzo za banda, alichelewa kwa sababu ya homa. Akalazwa chini, akachapwa mbele yangu. Nami nilisimama na daftari la majina mkononi, macho nimeyainamisha.

Jioni ile mama akaniita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, siku ile ulimwambia nini yule bwana?"

"Nilimwambia vile vile ulivyosema."

Akaguna. "Basi mtu yule hana masikio." Akanisogezea sahani ya maandazi.

Majirani waliponinunia, nilimsikia uani akinitetea. "Mwacheni. Yeye alisema kweli, ila hakusikilizwa." Afadhali angenitemea mate.

Vita vilipofika na Wajerumani wakakimbia, mtaro ulijaa mchanga, na banda likang'olewa miti ikawa kuni. Nani angetaka kushika jembe tena mahali pale? Mama alikuwa amekwisha kuhamia Kolo kwa dada yake. Nikamfuata kwa miguu, siku sita, njia nzima nikipanga maneno ya kumwambia.

Alinipokea kwa vigelegele. Akanisongea ugali, akawaita jirani zake waje wamwone kijana wake wa Dodoma, aliyewasemea watu mbele ya Mjerumani. Wakanishika mkono mmoja mmoja, wakanishukuru.

Nikala ugali. Asubuhi nikaaga, nikarudi Dodoma na maneno yangu.