Kurudisha Umri

Kila nikipita mbele ya Galerie d'Ixelles, jengo la maduka na saloni za watu wetu huku ugenini, roho inanirudisha miaka ya tisini, tulipokuwa bado tunaitwa Wazaire na mama mdogo anasuka nywele kwenye saloni ya pili kutoka mlangoni. Harufu ya mafuta ya nywele na samaki wa chumvi ilikukaba koo kabla hujafunga mwavuli. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi na bingwa wa kulalamika: mvua, baridi, wasusi wanaogombana kwa Kilingala juu ya kichwa changu. Leo natamani hata zile kelele, jamani.

Mama mdogo alikuwa mdogo wake marehemu mama. Mama alipofariki kule Bukavu, yeye ndiye aliyenichukua nikiwa bado natoa meno ya utoto, na alipoolewa huku, tayari mtu mzima, alikuja nami mkononi. Mumewe alikuwa mjane wa Lubumbashi, mpole, mtu wa suti na magazeti. Hawakupata mtoto. Jambo hilo halikuzungumzwa nyumbani kwetu, lakini kila mwaka mpya mashemeji walipopiga simu, mama mdogo alikwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Sasa, mkasa wenyewe ulianzia kanisani, Saint-Josse, katika ibada yetu ya Kiswahili. Papa mmoja, mzee anayesoma matangazo, alipewa karatasi ya Kifaransa. Madamu mmoja wa chuo kikuu alikuwa anatafiti mimea na vyakula vinavyoweza kuwasaidia wanawake wakati wa "retour d'âge". Wafaransa ndivyo wanavyosema kwa adabu mwanamke anapoacha kwenda mwezini. Lakini papa wa watu, akiwa amesimama na tai yake, angejuaje? Alitafsiri neno kwa neno: retour ni kurudi, âge ni umri. Akatangaza kwamba kuna madamu anatafuta wamama, atawaonyesha majani na chakula cha kurudisha umri.

Kanisa zima likageuza shingo. Jumatatu, siku saloni ya mama mdogo inapofungwa, wamama walijaa mle tulipoitwa kukutana naye, mpaka wengine wakakaa kwenye viti vya kukaushia nywele. Hata papa wawili walikuja kuuliza kama na wao wana lao. Madamu, mwenye mvi na viatu vya mvua, alifurahi sana kuona watu wanapenda sayansi. Mimi nilikuwa mkalimani wake, na mimi ndiye niliyesimama kueleza kwamba hakuna umri unaorudi, ni mwezi tu unaokoma na joto linalopanda. Walicheka hadi wakashikana mabega. Bon, wakasema, tumekwisha kuvua makoti, acha tukae.

Wakakaa. Madamu akawauliza wanachokula, nao wakamtajia sombe ya majani ya muhogo, mboga ya lengalenga, samaki wadogo wa ndagala. Alipofika kwenye soya, akaeleza kwamba wenzake wanaichunguza sana, pengine inapunguza lile joto. Nikatafsiri, na wamama wakanuna. Kwetu Kivu soya inatiwa kwenye masosoma, uji wa watoto waliovimba miguu kwa njaa. Kumwambia mama mzima ale soya ni kumwambia amekonda kama mtoto wa kituo cha lishe. Ilibidi nimtetee madamu wa watu, nikaapa kwamba hakukusudia kutukana mtu.

Mama mdogo alicheka pamoja na wengine, lakini yeye alibaki na lile tangazo la kanisani. Alianza kunywa chai ya majani ya sauge, mmoja wa mimea ya madamu, asubuhi na jioni, na uji wa masosoma akaupika sufuria nzima. Lile joto lilikuwa linamsumbua kweli. Alikuwa akifungua mlango wa saloni katikati ya Januari, akisingizia radiateur, kile chuma cha kupasha chumba joto, huku wateja wakitetemeka na vichwa vilivyosukwa nusu. Mimi nilidhani anataka tu apumue. Siku moja jikoni akaniambia wazi kwamba joto si kitu, anachongoja ni mwezi wake. Ukirudi hata mara chache, alisema, zinamtosha kupata mtoto.

Nilimweleza yote niliyofundishwa. Nilichora hata picha. Akaitazama, akaniambia mimi ni mwanafunzi tu, yeye atamuuliza mwenye utafiti. Kifaransa chake kilikuwa cha kununua na kuuza, hivyo alinihitaji mimi. Niliikasirikia ile chai, nikamkasirikia papa wa matangazo, na nilimwonea huruma mama mdogo.

Madamu aliporudi, alipitia wamama mmoja mmoja. Zamu ya mama mdogo ilipofika, akasema joto limepungua kidogo. Halafu akavuta kiti mbele.

"Muulize, mwezi wangu utarudia lini?"

Nilimuuliza. Madamu akaweka kalamu chini. Alijibu polepole, bila kuficha: mimea huenda inapoza joto, bado anatafuta kujua, lakini kilichokoma hakirudi. Nikaanza kutafuta neno la Kiswahili. Kukoma hedhi ni maneno ya kitabu, pale saloni nani angeyaelewa. Sisi mwanamke aliyefika hapo tunasema amemaliza kuzaa. Ni neno la heshima, linasemwa kwa fahari. Nitamwambiaje mtu ambaye hakuwahi kuzaa kwamba amemaliza?

"Sema tu, mutoto wangu," akasema. "Nimemaliza kuzaa, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Nilimwambia madamu kwamba ameelewa. Na madamu, kwa wema wake wote, akauliza swali alilomuuliza kila mama aliyekaa pale: watoto wangapi? Mwenye saloni akainama kutafuta kichana ambacho hakikuanguka. Mimi nilikuwa nataka kulimeza lile swali, lakini kwa Kifaransa neno la wangapi ndilo la bei ngapi, na mama mdogo alilijua vizuri, alilisikia kutwa saloni.

"Mujibu," akaniambia. "Mwambie mumoja. Mwambie ni huyu anayetafsiri."

Nikamgeukia madamu. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. Nikamwambia: mmoja, madamu. Ni mimi.