Kaeni Barazani Kwanza

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mjukuu wangu, na leo umeniamshia mwenyewe ulipokuja kunisomea maneno uliyoombwa na hoteli, ya kuitambulisha nchi yetu kwa wageni wanaotaka kuja. Umeandika vizuri, sikatai. Bahari umeisifu, karafuu za Kidichi umezisifu, na mishikaki ya Forodhani nimeisikia harufu yake nilipokaa. Lakini uliposema kwamba kwetu milango yote i wazi, hapo nimekasirika.

Nilikuwa msichana, kazi yangu kutembeza wageni Mji Mkongwe, nikiishi Malindi kwa shangazi yangu, Bi Rukia, na mumewe. Yule mzee alikuwa mtu wa watu. Wageni wangu akiwaingiza mpaka uani, wakatazama nguzo na nakshi, wakaenda zao wamefurahi. Kisha Mungu akamchukua, na shangazi akakaa eda. Wewe unajua mjane wa eda: hatoki ovyo, hajipambi, wala haonekani na wanaume wasiokuwa maharimu zake mpaka muda wake utimie.

Haukupita muda, mkuu wangu wa kazi akaja na kundi la wageni, wanaume kwa wanawake, akataka niwafungulie kama zamani. Nikamvuta kando nikamweleza. Yeye ni mtu wa hapa hapa, eda anaijua kama ninavyoijua mimi, na hilo ndilo lililonichoma. Akasema mjane aingie chumbani ajifungie, wageni hawakawii. Nikikataa, basi kazi nimeiacha.

Nikaketi kizingitini, mgongo nikauegemeza mlangoni. Magoti yalikuwa yakinitetemeka, sikufichi.

"Nshasema hapana," nikamwambia. "Mfiwa hafichwi chumbani ili watu wapige picha ua wake."

Wageni hawakuelewa maneno, ila waliona kuna jambo. Mara nikasikia naitwa kutoka ndani.

"Zuwena."

"Naam, shangazi."

"Waambie wakae barazani. Kahawa nshaiteleka. Ndani hawaingii."

Nikawafasiria yote, na habari ya msiba. Heshima ni kitu cha bure, mwanangu, na siku ile waliokuwa nayo ni wageni. Kamera zikarudi mikobani, wakakaa barazani wakanywa kahawa kwa halua. Mama mmoja akaniomba nimfundishe kutoa pole, akaitamka mlangoni polepole, naye yuko nje. Shangazi akaipokea yuko ndani. Mkuu wangu kahawa hakuigusa, na jioni ile sikuwa na kazi tena.

Nilipomlilia shangazi hakunibembeleza. Alisema, "Kazi utapata nyengine. Lakini mlango ukishazoea kufunguliwa kwa amri ya mtu, si wako tena."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kweli, lakini mimi sijapata kuona mwenyeji akapona kwa kuvuliwa nguo.

Basi hilo neno la milango lifute. Waandikie kwamba nchi hii ni ndogo na ina wenyewe. Wabishe hodi, wangoje. Wakikaribishwa waingie kwa raha zao, wakinyamaziwa warudi bila kinyongo. Kahawa ya barazani hatumnyimi mtu. Na Michenzani pia iandike, usiifiche kwa sababu haina milango ya nakshi; kwenye yale majumba marefu ndiko nilikowalea wanangu, mama yako mmoja wao. Watu wanaishi mle, hawakuwekwa kuwa pambo la picha. Hoteli ikikurudishia maneno hayo ikitaka uyatoe, usiyatoe, hata ikikutisha. Atakayeona uzito kubisha hodi, visiwa duniani ni vingi, aende kwengine.

Mungu akupe riziki isiyokuinamisha kichwa, mwanangu, akupe wageni wenye adabu na nyumba ambayo ufunguo wake unaushika mwenyewe. Na siku utakapolazimika kukaa kizingitini, akutie nguvu za magoti.